Goti Langu la Chuma, Pembe Yako

Mke mwenzangu mpendwa,

Usicheke. Hilo neno "mpendwa" limenitoka kwa shida kama mwiba wa samaki kooni. Aliyesema tuanze hivyo ni binti yako Riziki, ndiye anayeandika, kwa sababu mkono wangu haujawahi kushika kitu kingine zaidi ya jembe na mwiko. Anasema barua ya adabu huanza hivyo. Nikamwambia haya, andika, mama yako ameshakufa, hawezi tena kuringa.

Nimemwambia pia asiifunge hii barua. Aisome kanisani akitaka. Aisome kwenye bomba la maji, aisome fasi yoyote ambapo watu wa Rubondo, zoni yetu hapa kambini, wanakaa kulitafuna goti langu kama muhindi wa kuchoma. Wamelitafuna miaka mitatu bila chumvi. Leo nawapa chumvi.

Goti linauma, Mama Riziki. Ulienda ukaliacha linauma, na mpaka leo linauma. Linavimba, linapoa, linavimba tena. Likishikwa na moto wake unaweza kukaushia dagaa juu yake. Nikikaa kwenye kigoda, kuinuka ni kama kung'oa kisiki. Na kila aliyeligusa, mwenye koti jeupe na mwenye Biblia na yule mwenye mdomo tu, ameniambia kwa sauti kubwa kitu ambacho hakijui.

Lakini acha nianze pale tulipoanzia, mimi na wewe, maana wasomaji hawa hawakujui, na wanaokujua wanajua uongo.

Nilikuwa mke mkubwa. Ulipoletwa, kule kwetu Kivu ya Kusini, ulikuja na kikwembe kimoja na meno mingi. Desturi ya kwetu ni kwamba mke mdogo anapika kwenye jiko la mkubwa mpaka mkubwa ampe mafiga yake matatu. Wengine wanawapa baada ya wiki. Mimi nilikunyima kiangazi kizima. Ulipika nyuma ya mgongo wangu, ukakohoa moshi wangu, na kila siku uliniuliza, "Mukubwa, mafiga yangu utanipa lini?" Nikakujibu, "Mawe yako mutoni. Enda uyaombe." Siku moja ulienda kweli mtoni, ukarudi na mawe matatu kichwani, ukayapiga chini mbele ya mlango wangu mpaka kuku wakaruka. Ndiyo siku nilipoanza kukuogopa kidogo. Kupenda kulikuja baadaye sana, na sikukwambia.

Mume wetu sitamsema mingi. Tulipokimbia alirudi nyuma kwa ajili ya mbuzi wake. Mbuzi watatu walitufuata mpaka barabarani. Yeye hakufika. Tukabaki sisi wawili, wajane wa mtu mmoja, tukitazamana kama watu wanaogombania kiti ambacho kimeshavunjika. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, walitugawia viwanja viwili jirani. Ulikuja jioni ya kwanza na sufuria, ukasema, "Mukubwa, mafiga yangu yalibaki Kongo. Nipikie fasi gani?" Nikasogea. Toka siku ile jiko lilikuwa moja, na hakuna tena aliyeuliza ni la nani.

Sasa goti.

Unakumbuka lile goti la zamani, la kuume, nililokuja nalo kutoka Kongo. Lilikuwa linasaga kama jiwe la kusagia mtama. Mwisho nikawa siwezi kufika chooni bila kutukana. Daktari mmoja hapa kambini akaliandikia barua ya kwenda hospitali ya Mbarara, ikatafunwa na mikutano yao mwaka na nusu, kisha siku moja wakaita jina langu. Wanaume wa zoni yetu walinibeba kwa machela mpaka barabarani, ile machela ya miti ambayo Warundi wanaiita ngobyi. Wewe ulitembea nyuma yao na chupa ya chai, ukiwasimanga njia nzima.

"Ninyi! Munabeba mutu ao munabeba kalai ya muchanga? Mumunyooshe!"

Mmoja akakujibu, "Mama, kama unamupenda hivi, umubebe mwenyewe."

"Nani anamupenda? Mi sitaki afie mikononi yenu, muje mutuombe chakula cha matanga."

Mbarara wakanilaza, wakanipasua, wakatoa mifupa iliyooza wakaweka chuma. Wewe ulilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu, vile wanaouguza wagonjwa wanalala pale wote, miguu yako imetokeza njiani. Uliniosha. Ulinigeuza. Ulishika ile sahani ya haja bila kugeuza uso. Siku ya tatu muuguzi wa pale, mnene mwenye sauti nzuri, akaniita Kaaka, bibi mzee kwa lugha yao, akauliza, "Kaaka, huyu mama iko nani yako? Dada?"

Nikasema, "Mke mwenzangu."

Aliketi. Wallahi alitafuta kiti akaketi. Akaita wenzake wawili waje waone. "Bibi ya pili naosha bibi ya kwanza! Kaaka, wewe hapana ogopa? Yeye kama taweka sumu kwa chai?"

Na wewe, mdomo wako usiojua mlango, ukajibu huku unanifunga kikwembe: "Sumu nilimupa kitambo. Haikufanya kazi."

Wodi nzima ilicheka. Nilicheka mpaka mshono ukanivuta. Shika hilo neno lako, Mama Riziki, maana ndilo lililokuja kunifunga mdomo.

Miaka mitatu goti lile jipya lilikuwa tamu. Nililima. Nilichota maji. Ulinitolea jina, Mama Katapila, na nilipopita njiani ulipiga kelele kutoka mlangoni, "Mupishe! Mashine inapita!" Wapumbavu wakapisha kweli. Niliwadharau na nilifurahi.

Kisha, msimu wa kupalilia maharage, nikainama nikasikia kitu ndani ya goti. Hakikuwa na sauti. Kilikuwa kama mtu aliyekaa ndani ya nyumba yako na anajifanya hayupo. Wiki ile nikatembea nikichechemea. Mwezi ule nikarudia fimbo. Tukaenda Mbarara.

Daktari wa kwanza alikuwa na simu mbili. Alitazama picha ya goti kwenye mwanga, akajibu simu, akatazama tena, akajibu ile nyingine. Akasema, "Picha nzuri sana. Chuma kimekaa sawa."

Nikamwambia Riziki amtafsirie: mimi sikuja kuuliza hali ya chuma. Nimekuja kuuliza hali ya mwenye chuma.

Akacheka, akasema, "Kaaka, ni uzee."

Uzee! Lile goti lilikuwa na miaka mitatu. Mzee pale ni nani? Akanipa vidonge vyeupe vya kutuliza, akarudi kwenye simu zake. Nilimtazama kama ninavyotazama kuku anayeatamia jiwe.

Na huku nyumbani ndiko kulikuwa soko. Mama Ansila, yule muuza dagaa wa upande wa juu, alisema chuma kile kinaita radi, nisikae karibu na watu mvua ikinyesha. Nikaenda kukaa kibandani kwake kila mawingu yakijikusanya, mpaka akanyamaza. Mchungaji akaja na wanawake wanne wa kuombea. Akaweka mkono juu ya goti akasema kuna mtu sijamsamehe, na goti halitapona mpaka nimsamehe. Akasema hivyo huku anakutazama wewe, uliyekuwa umeleta viti. Wewe ambaye miaka yote uliketi benchi la nyuma, hukupewa meza ya Bwana kwa sababu uliolewa wa pili, kana kwamba mimi wa kwanza nilimpata mume yule kwa utakatifu. Nikamwambia, "Mchungaji, toa mkono. Huyo unayemtazama ndiye anayenipeleka chooni. Wewe utanipeleka?" Akatoa mkono. Chai hakunywa. Chai ile tuliinywa sisi.

Basi, tufike pale.

Ilikuwa mchana, mvua imekatika, maji bado yanadondoka kwenye turubai. Ulikuja na kitu umekifunga kwenye kikwembe, ukaketi mbele yangu ukakifungua. Pembe ya ng'ombe. Ya kuumika.

Kwa wasiojua: baba yake huyu mwanamke alikuwa muumikaji, mtu wa kutoa damu mbaya. Anachanja ngozi kidogo kwa wembe, anabandika pembe juu, ananyonya hewa kwa tundu la ncha, anaziba kwa nta aliyoishika mdomoni. Damu inapanda ndani ya pembe. Kwetu watu wengi wameponywa hivyo migongo na vichwa. Wewe ulijifunza kwake ukiwa msichana, na hukuwahi kuifanya kazi hiyo hapa, maana wafanyakazi wa afya walikuwa wamepita zoni kwa zoni wakitangaza kwamba anayechanja watu kwa wembe ataripotiwa.

"Pembe hii umeitoa wapi?" nikakuuliza.

"Masha. Kwa muchungaji mumoja wa ng'ombe. Pembe za hapa ni ndefu bule, sawa mikono ya mwizi. Nimeikata."

"Na wembe?"

"Mupya. Uko ndani ya karatasi yake. Unaniona mi mushenzi?"

"Baba yako aliumika magoti ya chuma mangapi?"

Ukafungua karatasi ya wembe. Kisha ukasema, "Mukubwa, banganga ba Mbarara banasema haina kitu. Mi naona kitu. Lete mugulu."

Nikauleta mguu. Hakuna aliyenishika kwa nguvu. Nataka hilo liandikwe na lisomwe polepole. Nilinyoosha mguu mwenyewe, kwa mikono yangu miwili.

Ulichanja mara nne. Ukanyonya mpaka mashavu yako yakaingia ndani kama ya maiti. Damu ilitoka nyeusi, ukaimwaga kwenye majani ya mgomba, ukaninyooshea kidole, "Unaona? Ubaya ule." Siku ya pili nilitembea mpaka shambani bila fimbo. Siku kumi nilitembea. Uliimba. Ulipiga kelele tena, "Mashine!"

Kisha moto ukashika kweli.

Sasa nisikilize vizuri, Mama Riziki, na wewe unayesoma pia. Maumivu yalitangulia pembe. Hilo najua kama ninavyojua jina langu. Lakini moto, ule moto wa kukaushia dagaa? Nimejaribu kukumbuka kwa mavuno. Maharage, maumivu. Mahindi kifuani, pembe. Moto nao ulianza kabla mahindi hayajafika kifuani, au baada? Nimezunguka pale kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Sijui. Na wewe ulikuwa hujui. Ulikuja kila asubuhi ukaweka mgongo wa kiganja juu ya goti, vile unavyopima paji la mtoto, na hukusema neno. Wewe! Uliyewajibu wabeba machela, muuguzi na marehemu mume wetu. Hukusema neno. Nikajua unajilaumu, na nikakutukana kwa mambo mengine ili tusizungumze hilo.

Tukarudi Mbarara. Daktari wa pili alikuwa kijana nadhifu, kucha zake safi kuliko za bibi harusi. Akafunua goti akaona vile vichanjo vinne. Akauliza, "Hizi alama ni za nini?"

Ulikuwa umesimama mlangoni, umeshika kikwembe changu. Nilikutazama. Ukatazama sakafu.

Nikasema, "Za utotoni."

Akaandika.

Mke mwenzangu, kichanjo kimoja kati ya vile vinne kilikatiza juu ya mshono wa upasuaji. Kilikuwa juu yake! Sasa alama ya utotoni itapandaje juu ya mshono wa miaka mitatu? Hata mbuzi akipita juu ya barabara mpya unajua barabara ilitangulia. Mtu amesoma mpaka nywele zimemtoka, na akaandika "za utotoni" kwa mwandiko mzuri! Nilimdharau pale pale kwa sababu ameniamini. Daktari wa tatu alisoma alichoandika wa pili, hakufunua hata nguo. Huyo sina la kumsema, simkumbuki uso.

Lakini kwa nini nilidanganya? Riziki ameniuliza hivyo sasa hivi, kalamu juu. Nitajibu.

Wa kwanza kudharauliwa hapo ni mimi. Niliogopa watakuja kukukamata, ndiyo. Lakini hilo lilikuwa dogo. Niliogopa zaidi vile watakavyosimulia. Mke mdogo amemchanja mke mkubwa kwa wembe, goti likaoza. Nani duniani angesema "alimpenda"? Nani? Wangekumbuka ule mzaha wako wa sumu wodini. Wauguzi watatu walisikia kwa masikio yao! Mama Ansila angeliuza pamoja na dagaa. Mchungaji angesema, "Je, sikuwaambia?" Miaka thelathini ya jiko moja ingegeuka hadithi ya mke mwenza mchawi, hadithi ambayo kila mtu anaipenda kwa sababu haihitaji kufikiri. Nikasema heri goti liungue.

Likaungua.

Halafu ukafa. Ulikufa kwa kifua, siku nne tu, kama mtu anayewahi gari. Uliniacha nikiwa na hasira na sijamaliza. Siku ya mwisho ulikuwa kwenye mkeka wako, mimi nimeketi karibu mguu umenyooka mbele, na ukatoa mkono chini ya blanketi, ukauweka juu ya goti langu. Ukasema, "Iko moto bado." Nikakwambia, "Nyamaza, pumua." Hayo ndiyo maneno niliyokuagia. Wengine wanaaga kwa zaburi. Mimi nilikwambia nyamaza.

Sasa ni misimu miwili ya mvua bila wewe. Hakuna anayenipigia kelele njiani. Goti limekuwa gumu, halikunji hata kufika nusu, na wiki iliyopita Riziki alinipeleka tena Mbarara.

Daktari safari hii ni mwanamke, mwembamba, ana miwani iliyofungwa na uzi. Hakuwa na simu mkononi. Aliligusa goti kwa mgongo wa kiganja. Vile vile ulivyokuwa unagusa. Nikakasirika, sijui kwa nini. Akachoma sindano akatoa maji, yakaenda kupimwa, tukalala mtaa wa Nyamitanga kwa Mrundi mmoja tuliyesali naye zamani, tukarudi. Akasema maji hayakuonyesha kitu. Picha haikuonyesha kitu. Kisha akavua miwani akasema:

"Kaaka, mimi sijui."

Nilimwambia aseme tena.

"Sijui kwa nini goti yako iko hivi."

Miaka mitatu, Mama Riziki! Radi, uzee, kutosamehe, damu mbaya. Na huyu mtoto wa watu ameketi mbele yangu na digrii zake anasema hajui. Ningeweza kumbeba mgongoni. Ni mtu wa kwanza mwenye akili niliyekutana naye tangu goti hili lianze.

Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, Riziki akajazia. Kwamba njia iko moja ya kujua: kupasua tena, kutoa chuma, kutazama ndani. Ni kazi kubwa kwa umri wangu. Naweza kupona, naweza kubaki na mguu mkavu kama mchi, naweza kutoamka. Kwamba wako wadudu wavivu wa ngozi ambao wakiingia pembeni ya chuma wanajificha, wanaota polepole sana, na kipimo cha kawaida kinawatupa kabla hawajajionyesha. Akijua kuna kitu kilitoboa ngozi pale, ataomba maji yakae kwenye kipimo siku nyingi zaidi, na atajua dawa za kuanza nazo na namna ya kupasua. Asipojua, atapasua kama kipofu.

"Sasa niambie, Kaaka. Kuna mtu alikata hapa?"

Nikasema, "Hapana. Za utotoni."

Mara ya pili! Kwa mtu pekee asiyestahili uongo wangu. Mdomo ulishazoea njia, kama punda.

Lakini yeye hakuandika. Aliweka kidole juu ya kile kichanjo kinachokatiza mshono. Akakiacha pale. Akanitazama mpaka nikatazama dirisha. Akasema, "Alhamisi wewe tarudi. Mimi tauliza tena."

Njiani kurudi, pale Masha, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara na zile pembe zao. Gari likasimama. Mmoja akaleta kichwa mpaka dirishani kwangu, pembe hii huku, pembe hii kule. Riziki akasema, "Mama mukubwa, mbona unalia?" Nikamwambia ni vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Kesho kutwa ni Alhamisi. Ndiyo sababu ya barua hii. Nitasema, Mama Riziki. Nitalitaja jina lako. Nimetaka ulisikie kwangu kwanza, na binti yako alisikie kwangu kwanza, si kwenye bomba la maji.

Nilipofika hapo kalamu ilisimama. Nikasema, "Andika." Riziki hakuandika. Akatoka nje. Nilikaa peke yangu na goti langu, nikafikiri: basi, nimempoteza na huyu. Nikasikia anapekua nyumba yako. Akarudi na gunia la mbegu za maharage, akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, akatoa pembe.

Ile ile. Nta bado imeshika kwenye ncha.

"Mama mukubwa," akasema, "nilijua. Mama aliniambia mbele ya kufa."

"Ukanyamaza!"

"Alinifunga mudomo. Alisema, siku mukubwa atakubali kusema, umupe pembe aende nayo. Kama hakubali, uizike."

"Na yeye mwenyewe kwa nini hakusema kwa banganga? Alikuwa na mdomo kama mlango wa soko!"

Riziki akafuta uso kwa kikwembe. "Alisema akisema yeye, bantu bataamini alitaka kuua. Ukisema wewe, ndipo bataamini alitaka kuponya. Alisema neno lile ni la muke mukubwa. Kama mafiga."

Mjinga! Mjinga wewe, mwanamke! Miaka yote ile! Mimi nimefunga mdomo ili nikukinge, na wewe umefunga mdomo unangoja nikukinge, na katikati yetu goti linaungua kama chungu kilichosahauliwa na wapishi wawili! Kweli wake wenza ni watu wabaya. Ungeniuliza tu. Kila asubuhi ukipima ule moto, ungefungua tu mdomo useme, "Mukubwa, nipe." Ningekukatalia siku mbili tatu, unanijua. Kisha ningekupa.

Basi chukua. Nakupa leo, mbele ya watu wote hawa wanaosikiliza.

Alhamisi nitaweka pembe juu ya meza ya yule mwanamke wa miwani. Sitasema imeharibu goti, maana sijui. Sitasema haikuharibu, maana sijui. Hilo ni lake kulitafuta, na akikuta si pembe, na akikuta ni pembe, na asipokuta kitu kabisa, atanipasua kwa macho mawili. Nikitoka kwenye meza yake na mguu, nitapita mbele ya Mama Ansila bila fimbo, polepole, anitazame vizuri. Nikitoka bila mguu nitapita vile vile, kwa machela, na Riziki atatembea nyuma akiwasimanga wabebaji. Amerithi mdomo, usiwe na wasiwasi.

Na nisipotoka, unisogezee mkeka. Lakini jiko usiwashe mpaka nifike. Hujui kupima chumvi, hukuwahi kujua.

Pembe iko ndani ya mfuko wa safari, nimeifunga kwenye kile kikwembe chako cha kijani, kati ya picha za goti na makaratasi yao yote yaliyoandikwa "za utotoni". Daktari akishika kalamu nitamwambia asianze na wembe, wala na damu. Aandike kwanza: aliyeinyonya pembe hii alikuwa mke mwenzangu, alifanya kwa mapenzi, na mguu niliunyoosha mwenyewe.

Hilo likishaandikwa, apasue.

Ni mimi,
mke mwenzako mkubwa, niliyekunyima mafiga